Greenhill walipanda kwa kuuza ushauri tu, mkopo ndio uliowakaba

Wadau, leo tuongelee kampuni ambayo haikuwa na stoo wala mzigo. Inaitwa Greenhill, ya New York. Kule kampuni za aina hii wanaziita butiki, kama sisi tunavyoita duka dogo la nguo linalowajua wateja wake.

Mwanzilishi ni Robert Greenhill. Mwaka 1972 alipewa kuongoza idara ya Morgan Stanley ya kushauri kampuni zinazonunuana, akapanda hadi kuwa rais wa benki hiyo. Mwaka 1996 akafungua ya kwake. Kazi yenyewe ni kama udalali wa nyumba, ila nyumba ni kampuni nzima: unamshauri mwenye mali amuuzie nani, kwa bei gani, na dili likifungwa ndipo unalipwa hela kubwa. Benki kubwa nazo zinafanya hivyo, lakini zinakopesha pia, kwa hiyo mteja anabaki kujiuliza: huyu ananishauri kwa faida yangu au anatafuta kuniuzia mkopo wake? Greenhill hakuwa na mkopo wa kumuuzia mtu. Watu walimlipa kwa hilo.

Mei 2004 walipeleka hisa sokoni kwa dola 17.50. Mwaka 2009, mabenki makubwa yakiwa yametoka kuokolewa na serikali, hisa ilipita dola 80! Nyuma yao zikafuata sokoni Lazard 2005, Evercore 2006, Moelis 2014. Njia waliionyesha wao, mtu asiwadharau.

Sasa wapo wanaosema walikwama kwa sababu walibaki wadogo. Mimi sikubali. Evercore nayo ilianza ndogo, mwaka 1995, ikiuza ushauri, na bado imesimama kwa miguu yake. Imeongeza watu na huduma, sawa, lakini hapo ndipo hela ilipoenda. Greenhill mwaka 2017, hisa zikiwa zimeshuka, walikopa zaidi ya dola milioni 300, na sehemu kubwa ilikuwa ya kununua hisa zao wenyewe. Biashara ya dili mapato yake yanakuja kwa mawimbi. Miezi mitatu zinafungwa, mitatu kimya. Riba yenyewe haingoji.

Mwaka 2023 Mizuho ya Japani ikawanunua kwa dola 15 kwa hisa, jumla kama dola milioni 550 ukihesabu na madeni. Yaani chini ya ile bei ya miaka 19 nyuma. (Gawio walikuwa wanalipa, kwa hiyo aliyenunua mwanzo kabisa hakutoka mikono mitupu.) Jina Mizuho wameliacha, maana lina thamani bado.

Ndiyo maana huwa nabishana na wenzangu kila ofa ya mkopo wa simu inapoingia. Mkopo wa kununua mzigo ambao wateja wameshauliza, piga hesabu, chukua. Lakini mkopo wa kununua wafuasi, au wa kulipia fremu mjini ili uonekane una duka, wakati oda zako zinakuja mwisho wa mwezi tu na Januari hakuna kitu? Na marejesho ni kila wiki?

Kama yupo humu anayelipa kwa wiki na mauzo yake ni ya mwisho wa mwezi, aniandikie hapo chini anavyopanga. Mimi kila nikipiga hizo hesabu zinagoma.