MAONI YETU: Aandikaye programu ashike zamu

Mgodi wa leo Kolwezi hauendeshwi kwa tingatinga na baruti peke yake. Uzito wa malori mizanini, orodha za zamu, mishahara, vipuri vya ghalani na nyaraka za kusafirishia shaba na kobalti, vyote hupita kwenye programu za kompyuta. Programu ikisimama, malori hupanga foleni getini na fedha hupotea.

Hata hivyo, bado kuna kampuni zinazofuata desturi ya zamani. Wengine wanaandika programu, wengine wanabebeshwa kuiendesha. Toleo jipya hukaa miezi, kisha hushushwa kwa mkupuo likiwa na mabadiliko chungu nzima. Likiharibika usiku, aliye zamu hana ruhusa wala maelezo ya kulirekebisha. Asubuhi watu hunyoosheana vidole.

Dawa inajulikana. Mwaka 2009 Mbelgiji Patrick Debois aliwakutanisha waandishi na waendeshaji wa programu mjini Ghent, na utaratibu wao ukaenea kwa jina la devopsi. Kiini chake ni timu moja inayoandika, kujaribu, kuendesha na kuwajibika. Mabadiliko hutolewa kidogo kidogo, hupimwa kwa majaribio yanayoendeshwa na kompyuta yenyewe kabla ya kutumika, na njia ya kurudi kwenye toleo la jana huwa tayari. Hitilafu ikitokea hutafutwa chanzo, si mtu wa kufukuzwa.

Anayeona utaratibu huu ni anasa akumbuke kampuni ya Knight Capital ya Marekani. Agosti 1, 2012, iliendesha biashara ya hisa kwa programu mpya iliyowekwa kwenye seva saba. Ya nane ilisahaulika. Katika dakika 45 hivi zilipotea zaidi ya dola milioni 400.

Kwetu kuna sababu ya ziada. Umeme wa bwawa la Inga husafiri kilomita 1,700 hivi kufika Kolwezi, na kukatika kwake ni jambo la kawaida. Mwandishi asiyewahi kukaa na karani wa mizani ataandika programu inayopoteza kumbukumbu umeme ukizimika. Aliyekaa naye ataandika inayozihifadhi papo hapo na kuzituma mtandao ukirudi.

Mgodini hakuna anayelipua baruti kabla watu hawajaondolewa na eneo halijakaguliwa. Nidhamu hiyohiyo idaiwe kwa anayebadilisha programu.

Wakurugenzi wa migodi ya Lualaba, msianze kwa kununua zana za bei kubwa. Chagueni mfumo mmoja, upeni timu moja, na vijana wa hapa wanaouendesha wapeni mafunzo na ruhusa ya kuurekebisha. Na kila mkataba wa programu mnaoutia saini useme wazi kwamba anayeiandika atashika zamu pamoja na wanaoiendesha. Mkandarasi asiyekubali sharti hilo asipewe kazi.