Huyu mutoto hana mimba, mumupime ekografi!



Kwenye kartie yetu hapa Lubumbashi, msichana wa miaka 14 alikuwa anaumwa tumbo kila mwezi, siku tatu ine, halafu linatulia. Damu ya mwezi hajaiona hata siku moja. Tumbo likaanza kuvimba chini. Majirani wakasema: iko mimba. Shuleni vile vile. Kituo cha afya wakapima mimba, hakuna. Wakamupa dawa ya minyoo. Miezi nane hivyo!

Hakuwa na mimba wala minyoo. Alizaliwa njia ya uke imefungwa. Damu inatoka, inakosa pa kupita, inajaa ndani. Mara nyingine ni ngozi nyepesi tu kwenye mlango, operesheni ndogo inamaliza. Mara nyingine ni ukuta uko juu zaidi, na lazima ujue unene wake mbele ya kukata.

Utajua namna gani? Kwa ekografi ya juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa mkojo, bila kuingiza kitu chochote ukeni. Wazazi wenye kuogopa ubikira, musikie vizuri. Na munganga aangalie mpaka figo. Kuna wasichana wanazaliwa na mifuko miwili ya uzazi, njia ya upande mmoja imefungwa, na mara nyingi figo ya upande ule haiko. Hao damu wanaiona kila mwezi, kwa hiyo hakuna anayeshuku kitu. Hapo IRM inasaidia kuonyesha yote wazi.

Damu ikikaa sana inarudi nyuma kwenye mirija, inaweza kuharibu uzazi. Halafu kesho sisi wenyewe tutamuita tasa.

Sasa tuulize. Mwaka 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzaa bure. Vizuri. Lakini mutoto ambaye hana mimba, nani anamulipia picha? Mama yake anauza makala, anaambiwa: leta franka kwanza. Juu ya nini? Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Abuja, mwaka 2001, marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Malori ya kopa na kobalti yanapita hapa kila siku, tunakula vumbi tu.

Tunadai:

1. Kila hopitali kubwa ya zone ya afya iwe na ekografi inayofanya kazi na mtu aliyefundishwa kuisoma. Bei ibandikwe ukutani.
2. Msichana mwenye kuumwa kila mwezi bila kuona damu apimwe bure, siku ile ile, bila matusi.
3. Serikali iache kusema hakuna watu. Mimi niko na diplome ya afya ya jamii, mwaka wa pili nakaa nyumbani. Tuko wengi. Mutufundishe, mutuajiri.

Leo uliza mdogo wako kama anaumwa. Usimuulize alilala na nani.

Hatutanyamaza.