Muntu akikosa nguvu ya kuamka, tusiseme haraka ni uvivu



Kila mmoja wetu anamjua baba wa namna hii. Zamani alikuwa wa kwanza kufika ku posti. Leo anakaa ku kiti mbele ya nyumba, anaangalia chini. Bukari ikiletwa, anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Saa tisa ya usiku yuko macho. Mke wake akimuuliza, anajibu: «Shina kitu, mama. Uniache tu.» Majirani nao wako na majibu yao: «Balimuloga.» «Eko nawaza bibi wa inje.» «Ile ni uvivu tu, atumike, itapita.»

Mimi nasema hivi: mara nyingi ni ugonjwa. Wanganga wanauita depresio. Una dalili zinazohesabika na una matunzo. Na kompani ambayo inamtunza mfanyakazi aliyevunjika mguu, inapashwa kumtunza na huyu.

Tuanze na namna wanganga wanavyoupanga, sababu wengi wanafikiri kila huzuni ni depresio. Kitabu cha OMS cha kupanga magonjwa, CIM-11, kilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kinataja dalili 10: moyo kuwa chini, kukosa hamu ya vitu ulivyopenda, akili kushindwa kutulia ku kitu kimoja, kujiona hufai au kujihukumu pasipo kosa, kukosa matumaini, kuwaza kifo, usingizi kupotea au kuzidi, chakula kukataa au kuzidi, mwili kuwa muzito ao kuhangaika, na kuchoka hata bila kazi. Mgonjwa anapashwa kuwa na dalili 5 au zaidi, na moja kati yake iwe ile ya kwanza ao ya pili. Zikae karibu siku yote, karibu kila siku, kwa majuma mawili kwa uchache, na zimzuie mtu kuishi na kufanya kazi kama kawaida. Aliyefiwa na mtoto na anayelia, huyo ana kilio, na kilio si ugonjwa, hata kama wakati mwingine kinaweza kugeuka ugonjwa.

Kisha munganga anaangalia uzito: mwepesi, wa katikati, mkali. Anauliza kama ni mara ya kwanza ao unarudia. Tena anauliza jambo ambalo jamaa wanasahau kumwambia: je, kulikuwa wakati mtu huyu alichangamka kupita kipimo, analala saa mbili tu, anatumia mafranga ovyo, anasema anaweza yote? Kama ndiyo, inaweza kuwa ugonjwa mwingine, bipolere, na dawa ya depresio ikitolewa peke yake inaweza kumuharibu. Ndiyo sababu dawa ya kununua ku soko kwa kusikia jirani ni hatari.

Sasa, unatoka wapi? Hapa kuna habari ambayo wachimbaji wataielewa, sababu kifua kikuu tunakijua. Ku mwanzo wa miaka ya 1950, wanganga walijaribu dawa ya kifua kikuu inayoitwa iproniazide. Wakaona wagonjwa wengine wanaanza kuchangamka kuliko ilivyotazamiwa. Baadaye wakaelewa kwamba dawa ile inazuia ubongo kuharibu wajumbe wake, yaani vitu kama serotonini na noradrenalini vinavyopeleka habari toka sehemu moja ya ubongo mpaka ingine. Ku miaka ya 1960 wakasema: basi depresio ni upungufu wa wajumbe wale.

Jibu hilo lilikuwa rahisi sana. Dawa zinabadili serotonini mu saa chache, lakini mgonjwa anapata nafuu kisha majuma. Na mu mwaka wa 2022 wachunguzi walikusanya kazi nyingi zilizofanywa juu ya serotonini, hawakuona ushuhuda thabiti kwamba wagonjwa wanaipungukiwa. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia «ubongo wako umekosa kitu kimoja tu». Lakini usimwamini pia anayesema kwamba mwili hauna neno humo.

Mwili una maneno mengi. Kuna damu ya jamaa: uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba karibu sehemu moja juu ya tatu ya tofauti kati ya watu inatoka ku urithi. Kuna kortizoli, homoni inayotoka wakati wa hatari. Ikikaa juu siku mingi, inaharibu usingizi na kusumbua ubongo. Kuna tezi ya shingo: ikifanya kazi kidogo, mtu anachoka na moyo unashuka kabisa kama mu depresio. Upungufu wa damu pia unachokesha. Na kwetu kuna madini. Tangu zamani inajulikana kwamba vumbi ya manganezi ikizidi mwilini inaharibu ubongo, na inaweza kuanza kwa kubadili tabia na moyo. Kobalti nayo, wakati ilipotolewa kama dawa ya damu, ilizuia tezi ya shingo kwa wagonjwa wengine. Ongeza posti ya usiku inayovuruga saa ya mwili, ongeza lutuku ambayo inasahaulisha jioni na kuzidisha huzuni asubui.

Najua mukubwa wa kazi atasema: «Kama ni urithi na ubongo, kompani ina kosa gani?» Namjibu: kortizoli haipandi bure. Inapanda wakati mshahara haufiki, wakati deni liko mlangoni, wakati shimo limeanguka na umetoa rafiki yako kwa mikono yako. Mu miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 walitoka Gécamines kwa ile mpango wa départs volontaires. Kazi ile ilikuwa pamoja na lopitali na shule ya watoto. Wengi walipoteza vyote pamoja. Sisemi wote waliugua. Nasema mambo ya maisha yanaingia mwilini, na mwili unalipa.

Naomba basi mambo matatu.

La kwanza, kwa makompani. Sheria ya kazi ya mwaka wa 2002 inaamuru mwajiri kumpa mfanyakazi na jamaa yake matunzo wakati wa ugonjwa. Haikusema «ugonjwa wa mifupa tu». Lopitali ya kompani iulize juu ya usingizi na moyo, ipime damu na tezi, itoe siku za kupumzika bila kumtisha mtu kufukuzwa. Na kapita asimpandishe ku mashini mtu ambaye hajalala siku tatu. Ataua na wengine.

La pili, kwa ba creuseurs na kooperativi zao. Ninyi hamna lopitali ya kompani. Lakini OMS ina mpango wa kufundisha infirmiye wa kawaida kutunza depresio, na Lubumbashi kuna santri ya Joseph Guislain ya magonjwa ya kichwa. Mtu akienda kule, asiitwe kichaa.

La tatu, kwa jamaa. Maombi hayakatazwi, mupeleke mgonjwa kanisani na mumupeleke kwa munganga. Dawa inaomba majuma mawili mpaka sita, isikatwe ghafla. Mazungumuzo na mtu aliyefundishwa yanaponyesha pia, na kwa ugonjwa mwepesi yanaweza kutosha. Lakini mtu akisema anachoka kuishi, usimucheke na usimwache pekee yake, hata kwa usiku mmoja. Kumuuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumpi wazo hilo. Kunamfungulia mlango wa kusema.

Yule baba wa ku kiti, kesho pita kwake. Usimwambie «jikaze, tata». Alijikaza tayari, ndiyo maana alichelewa hivi. Ikala naye, umuulize analala namna gani, kisha umusindikize lopitali.