CHETI CHA MZUMBE NA KIMEMO CHA MJOMBA



Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba kuna cheti kilichotundikwa ukutani, na chini yake amekaa kijana aliyekipata, hana kazi. Baadhi ya vijana hao walivuka bahari, wakapanda basi hadi Morogoro, wakaendelea kwa njia ya Iringa kilomita 20 na ushei hadi Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru. Walisoma, wakafuzu. Wazee wao waliuza karafuu na ng'ombe, na kina mama walitoa dhahabu zao. Waliporejea wakaulizwa suala moja ambalo halikuwamo katika mtihani: "Wewe ni mtoto wa nani?"

Na tukitazame chuo hicho, maana habari yake ni somo. Mwaka 1953 serikali ya Kiingereza iliweka Mzumbe skuli ya serikali za mitaa, kuwafundisha machifu na makarani wa tawala za wenyeji. Chifu aliyekwenda kusoma pale alikuwa na kiti chake tayari, amekirithi kwa baba au kwa mjomba. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikaufuta uchifu. Mwaka 1972 pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 pakawa Chuo Kikuu. Hufundishwa pale uongozi wa umma, hesabu, sheria, na namna ya kumchagua mtumishi kwa sifa zake. Basi sisi tunauliza: ikiwa uchifu ulifutwa, huyu mjomba agawaye kazi kwa kimemo amekalishwa kitini na nani?

Sheria si kwamba haipo. Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho ya 2007, imetaka watu washindane kwa sifa, na Sekretarieti ya Ajira imeundwa kwa ajili hiyo. Lakini sheria ni mizani, na mizani haijizuii yenyewe isiguswe kwa kidole.

Watasema tunasingizia. Haya, tuwakumbushe. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 waliitwa katika uwanja wa mpira Dar es Salaam kusailiwa kwa nafasi 70 za Uhamiaji. Agosti ya mwaka huo huo Wizara ya Mambo ya Ndani ikazifuta ajira 200 za makonstebo na makoplo wa idara hiyo hiyo, baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa miongoni mwa waliochaguliwa wamo jamaa wa watumishi wa idara. Hayo hayakusemwa na wapinzani. Yalisemwa na serikali yenyewe. Na Uhamiaji ni jambo la Muungano, linatuhusu.

Watasema tena: kazi ni chache na watu ni wengi. Kweli. Lakini sisi wenye maduka twajua kwamba unga ukiadimika ndipo mpimaji hutakiwa awe mwaminifu zaidi. Uchache wa kazi si udhuru wa kupendelea; ndio unaofanya kupendelea kuwe dhulma kubwa.

Wengine huwaambia vijana: mchagua jembe si mkulima. Lo! Jembe lenyewe hawajaonyeshwa. Tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu kwa mtu aliyetoka chuoni jana, na wadhamini watatu watu wa heshima. Mtoto wa mvuvi wa Micheweni atawatoa wapi, ilhali wakubwa wanaomjua ni mwalimu wake na imamu wa msikiti? Akiambiwa ajiajiri, mkopo nao hutaka mdhamini. Mlango ni ule ule, umepakwa rangi nyingine.

Chuoni tulisomeshwa kuwa cheo ni amana. Nabii Musa alipofika Madyan alikuwa mgeni mkimbizi, hana ami wala mjomba. Aliwatekea maji wanyama wa watu, zikaonekana nguvu zake na uaminifu wake, akaajiriwa kwa hayo mawili. Hakuulizwa barua ya mtu.

Sasa neno kwetu wenyewe. Tunadai, na ni haki yetu, fungu la Zanzibar la asilimia 21 katika kazi za Muungano. Lakini fungu hilo likijazwa wapwa wa wakubwa, maskini wa Pemba atakuwa amepata nini? Na mtu wetu akipata kiti, ni wangapi kati yetu humgongea mlango usiku kumwombea kijana wetu? Chama kinachongoja zamu yake ya kugawa vimemo hakina cha kuwaambia watu.

Madai yetu ni matatu. Majina ya waliosailiwa na alama zao yabandikwe hadharani. Msaili mwenye jamaa yake mlangoni aseme, kisha atoke chumbani. Na kazi ya mwanzo isidaiwe uzoefu ambao kijana hana pa kuupatia.

Kila mgombea atakayepanda jukwaani kuomba kura zetu na aulizwe madai hayo matatu, moja moja, naye ajibu mbele ya watu. Na wa kwanza kuulizwa wawe wa chama chetu.