KURA YA DIWANI: USHAHIDI WAKO, SI MALI YA MUMEO WALA YA IMAMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila uchaguzi wa madiwani unapokaribia huku Uingereza napokea maswali ya aina mbili. La kwanza ni la vijana: "Sheikh, kupiga kura katika nchi ya wasiokuwa Waislamu si shirki?" La pili huja kimyakimya, tena mara nyingi kutoka kwa akina mama: "Sheikh, karatasi yangu ya kura ya posta huwa inajazwa na mume wangu. Mimi natia sahihi tu. Nina dhambi?"

La kwanza nitalijibu kwa ufupi, maana wanazuoni wamelizungumza sana. Nabii Yusuf (a.s.) alishika hazina ya Misri chini ya mfalme asiyekuwa katika dini yake, akawalisha watu wakati wa njaa. Mtume wetu (s.a.w.) kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, mapatano ya kumtetea aliyedhulumiwa Makka, na baada ya utume aliendelea kuyasifu. Mwenye kumchagua mtu wa kusimamia taka na nyumba za mtaani kwake hajamfanya mtu huyo kuwa Mola. Ndugu anayeona kujiepusha ni bora kwake, sitagombana naye. Lakini asimwite mwenzake mshirikina kwa sababu ya debe la kura. Hilo ni neno zito kuliko kura yenyewe.

Swali la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan aliielezea kura kuwa ni mambo matatu: ni ushahidi, ni uombezi, na ni uwakala. Unashuhudia kwamba mtu huyu anafaa. Unamwombea nafasi. Unamfanya wakili wako na wakili wa mtaa mzima. Sasa niambie, ndugu yangu mume, ni wapi katika fiqhi yetu ushahidi wa mke unatolewa na mumewe huku yeye yuko jikoni hajui kilichoandikwa? Sote tunajua ushahidi wa uongo umehesabiwa pamoja na madhambi makubwa. Ukiandika kwa mkono wako ushahidi wa mtu mwingine ambaye hajashuhudia, hiyo umeiitaje?

Na kwa sheria ya nchi ni kosa la jinai pia. Kura ni siri ya mwenyewe. Mwaka 2023 imetungwa hata sheria maalumu ya kumzuia mtu asimfuate mwenzake kwenye kibanda cha kupigia kura ili amwelekeze.

Msidhani nazungumzia jambo dogo la chumbani. Nendeni mkasome yaliyotokea Birmingham. Katika uchaguzi wa madiwani wa Juni 2004, kata mbili zenye Waislamu wengi, Aston na Bordesley Green, zilichafuliwa na wizi wa kura za posta kiasi kwamba mwaka 2005 hakimu wa uchaguzi, Richard Mawrey, aliyafuta matokeo ya kata zote mbili. Jina la jamii yetu likaburutwa magazetini nchi nzima. Na aliyeibiwa alikuwa nani? Alikuwa mzee wa Kiislamu, mama wa Kiislamu, kijana wa Kiislamu, jirani wa ukuta kwa ukuta na mwizi wake. Baadhi yetu bado tunasema "wanatuonea tu". Kuonewa kupo, sikatai. Lakini dhulma ya ndugu kwa ndugu haiwi halali kwa sababu gazeti limeifurahia.

Tangu uchaguzi wa Mei 2024 masharti yamekazwa. Mtu wa kampeni haruhusiwi kushika kura za posta za watu asiokuwa na uhusiano nao, na anayepeleka kura za wenzake kwa mkono kituoni hazidi tano, ukiacha yake. Kwa hiyo yule "mjomba" anayepita mlango hadi mlango kukusanya bahasha, mwambie kwa adabu kwamba sanduku la posta liko pale kona, na miguu unayo.

Tuje kwetu sisi tunaopanda mimbari.

Mwaka 2014 kule Tower Hamlets, mashariki ya London, maimamu na wanazuoni 101 walitia sahihi barua ya kuwahimiza Waislamu wamchague meya Lutfur Rahman. Aprili 2015 Mawrey yuleyule aliufuta uchaguzi ule kwa sababu kadhaa, na mojawapo ilikuwa kwamba barua ile ni shinikizo la kidini lisilo halali. Mwenyewe alikana makosa. Akazuiwa kugombea kwa miaka 5, na mwaka 2022 wapiga kura wakamrudisha madarakani. Waislamu wengi waliona hukumu ile juu ya barua ni ya kutubagua, kwani kifungu kilichotumika asili yake ni karne ya 19. Wana hoja. Maaskofu pia huandika barua kabla ya uchaguzi na hakuna anayefikishwa mahakamani.

Hata hivyo, mimi naitazama kwa jicho la dini kabla ya jicho la mahakama. Imamu akimtaja mgombea juu ya mimbari, mzee aliyekaa safu ya mbele hasikii rai ya mtu. Anasikia hukumu ya Allah. Na Allah hakuniteremshia mimi jina la mgombea wa Small Heath. Kwa hiyo wanaonitumia ujumbe "Sheikh, tutajie wa kumchagua", jibu ni hapana, na litabaki hapana. Nitawafundisha sifa: uaminifu, uwezo, kusikiliza watu. Majina tafuteni wenyewe. Wagombea nao huja msikitini msimu huu, wanasali sote safu moja, wanapiga picha na biriani. Karibuni sana. Ila kipaza sauti cha msikiti hakikodishwi.

Basi diwani ana kazi gani? Baraza la jiji la Birmingham lina madiwani 101 katika kata 69, nyingine diwani mmoja, nyingine wawili. Mikononi mwao kuna ukusanyaji wa taka, nyumba za baraza, maktaba, huduma za wazee, vibali vya ujenzi (na msikiti wako unahitaji kibali hicho), leseni za maduka, makaburi. Fikirini hilo la makaburi peke yake. Maiti wa Kiislamu akifariki Ijumaa usiku, kama atazikwa Jumamosi au atasubiri hadi Jumatatu ni jambo linaloamuliwa katika vikao ambavyo wengi wetu hatujui hata vinakaa jengo gani.

Septemba 2023 baraza hilo lilitangaza rasmi kwamba haliwezi kusawazisha bajeti yake. Mwaka uliofuata kodi ya baraza ikapandishwa karibu asilimia 10, huduma zikakatwa. Machi 2025 wafanyakazi wa taka wakagoma moja kwa moja, mifuko ikarundikana barabarani, panya wakawa wanene. Katika jiji ambalo karibu watu 3 kati ya 10 ni Waislamu, mitaa yetu haikukosa mgao wake wa harufu. Na madiwani wenye majina kama yetu tulikuwa nao, si wachache.

Hapo ndipo neno "mwakilishi" linapotakiwa kupimwa. Wako watu wanaochagua kwa kijiji: huyu babu yake na babu yangu wametoka kijiji kimoja cha Mirpur. Sisi Waswahili tusijitakase, tunafanya hivyohivyo kwa kisiwa na kwa mtaa, Mpemba na Muunguja, Mbarawa na Mbajuni. Hiyo ndiyo asabiyya aliyotukataza Mtume (s.a.w.), hata ikivaa kanzu. Diwani Mwislamu ni wakili wa kata nzima. Bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake ghorofa ya nne na lifti imeharibika ana haki kwake sawa na wewe. Kalasinga jirani vilevile. Ukimpigia kura kwa masharti awatumikie "wetu" tu, umemtuma dhulma, na wewe ni mshirika wake.

Na Gaza? Najua mtauliza. Uchaguzi wa Mei 2024 katika miji kama Blackburn na Bradford, wagombea huru waliosimama kwa ajili ya Gaza walishinda viti. Kumnyima kura mtu wa chama kilichokukasirisha ni haki yako, na mimi siwezi kumlaumu mwenye uchungu wa ndugu zake. Nakuomba jambo moja tu: huyo unayempa badala yake, muulize pia kuhusu ukungu unaomkohoza mtoto wa jirani. Diwani hana kauli juu ya silaha. Juu ya ukungu anayo.

Mwisho, mambo ya utaratibu, maana wengi hawajui. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kihalali na ametimiza miaka 18 anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, kwa sababu nchi hizo ni za Jumuiya ya Madola. Hungoji uraia. Mwenye pasi ya Kongo, Burundi, Somalia au Oman pekee haruhusiwi, asijaribu. Kujiandikisha hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha kituoni, na asiyekuwa nacho hupewa cheti bure akiomba mapema.

Dada unayevaa niqabu: una haki ya kuomba uhakikiwe faragha na mfanyakazi wa kike. Kama kituoni wako wanaume watupu, piga simu ofisi ya uchaguzi siku chache kabla uwaulize atakuwepo nani. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, siku ya Alhamisi. Na wewe mume, siku hiyo kaa na watoto, mama aende.

Wallahu aalam.