Bei ya Mguu Safi

Wenye kalamu wameandika sana juu ya kichwa cha mwanadamu, kwa kuwa ndicho makao ya akili. Wameandika juu ya moyo, kwa kuwa ndio makao ya mapenzi. Wameandika juu ya mkono, kwa kuwa ndio mtoaji na mpokeaji. Mguu hautajwi ila unapoteleza. Usahaulifu huu ungaliweza kusamehewa kama usingalikuwa na madhara. Madhara unayo, na mahali pa kuyaona ni saluni, ambamo mguu huoshwa, husuguliwa, hukatwa kucha na kupakwa rangi kwa malipo. Nathubutu kusema kwamba katika biashara hii tumekosea hesabu. Twalipia rangi, ambayo ndiyo kitu duni kuliko vyote vilivyomo, na hatulipii chombo safi, ambacho ndicho kitu cha thamani. Madhali hatukilipii, hatukipati.

Naitazama Kashai, kata ya Manispaa ya Bukoba, kwa sababu pale mguu una kazi. Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania inayopata mvua nyingi. Kwa mwaka hufika kiasi cha milimita 2,000. Mvua ikinyesha, njia ni tope. Jua likiwaka, tope ni vumbi. Mwuza ndizi, mchukuzi wa mizigo, fundi na mwalimu aendaye shule kwa miguu, wote hupita humo, na wengi wao wamevaa kandambili. Mguu huloa ukakauka, ukakauka ukaloa tena. Ngozi ya kisigino hukakamaa na kupasuka magaga, na fangasi hupata makao katikati ya vidole. Mguu wa namna hii wataka matunzo kama jembe litakavyo kunolewa.

Juu ya matunzo hayo yako makundi matatu ambayo sikubaliani nayo. Kundi la kwanza husema kwamba kusafishwa miguu ni anasa ya wanawake wasio na kazi. Wasemao hivi huwa hawakuangalia nani aketiye mbele ya beseni. Mtu asiye na kazi hana magaga. Magaga ni hati ya safari alizokwenda mtu kwa miguu yake, na ufa wa kisigino ukizidi kina hutoa damu na kuingiza uchafu. Kumwambia mwenye ufa kama huo kwamba anatafuta anasa ni sawa na kumwambia mwenye njaa kwamba ana uroho. Waswahili walikwisha kutuonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Kundi la pili hukasirika linapomwona kijana wa kiume, mwenye kikapu cha chupa za rangi, ameushika mguu wa mke wa mtu akiuosha barazani. Ugomvi huu umesikika katika miji yetu kwa miaka mingi sasa. Haya ni jambo jema, wala siwakatazi watu kuwa nayo. Mwanamke asiyependa kushikwa mguu na mwanamume asishikwe, na mume na mke wakubaliane nyumbani kwao. Lakini kijana yule anakula kwa jasho lake, naye ameifanya kazi ya kuinama ambayo wengi wameikataa. Kosa la kundi hili ni kuuliza swali dogo na kuliacha kubwa. Wanauliza mkono ule ni wa nani. Hawaulizi mkasi ule umetoka kwenye mguu wa nani.

Kundi la tatu ndilo kubwa, na wasomi wamo. Hawa huikubali kazi, lakini hawaikubali bei. Wakitajiwa malipo hupiga yowe: kuosha miguu tu, fedha zote hizo za nini? Basi hushindana na fundi kwa maneno mpaka bei ikashuka, kisha huondoka wakijisifu. Hawajui kwamba fundi aliyepunguziwa malipo hapunguzi rangi, kwa kuwa rangi yaonekana. Hupunguza kisichoonekana, yaani maji mapya, taulo safi, na muda wa kuchemsha vyombo. Mpatanaji ameshinda shilingi mia chache, na ameshindwa asilolijua.

Ili tuone kinachouzwa, na tuifuate kazi yenyewe tangu mwanzo. Mteja huketi, rangi ya zamani ikafutwa. Miguu hutiwa katika beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni, na muda wa dakika 10 hivi watosha kuilainisha ngozi. Kisha kucha hukatwa, nazo zapasa kukatwa kwa mstari ulionyooka, zisichongwe pembeni, kwa maana kucha iliyochongwa pembeni huweza kuota ndani ya nyama. Kisigino husuguliwa kwa jiwe au kwa brashi. Ngozi nyembamba iliyo kwenye shina la kucha husukumwa nyuma taratibu. Mwisho miguu hukaushwa hata katikati ya vidole, hupakwa mafuta, na atakaye rangi hupakwa rangi. Kazi nzima, ikifanywa bila haraka, huchukua muda wa saa moja.

Katika kazi hiyo mna mambo mawili ya kukataa papo hapo. La kwanza ni wembe wa kuchongea kisigino. Ngozi ngumu ni kiatu alichopewa mwanadamu kabla ya fundi viatu kuzaliwa. Jiwe huipunguza, wembe huifungua. La pili ni kuikata ile ngozi ya shina la kucha. Ngozi hiyo ni kizibo. Ikikatwa, mlango umeachwa wazi kwa vijidudu. Mwenye kisukari ana sababu zaidi ya kuyakataa yote mawili, kwa kuwa maradhi yake huweza kuipotezea miguu hisia, akakatwa asisikie, na kidonda kidogo kikaja kumgharimu mguu mzima. Mtu huyo na amwarifu fundi hali yake kabla hajatia mguu majini.

Asidhani mtu kwamba hatari hii ni ya beseni la plastiki la barazani peke yake, na kwamba mwenye fedha akikimbilia kiti cha kifahari ameokoka. Mwaka 2000, katika mji wa Watsonville, jimbo la California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walitokwa na majipu ya miguu yaliyokaa muda mrefu na kuacha makovu. Saluni ile ilikuwa na mabeseni ya mashine yenye kuzungusha maji. Wataalamu walipoyafungua walikuta nyuma ya chujio nywele na mabaki ya ngozi za wateja waliotangulia, na humo bakteria walikuwa wamefanya maskani. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda walidhurika zaidi, kwa kuwa wembe ulikuwa umekwisha kuwafungulia bakteria njia. Fedha zilinunua mashine, wala hazikununua usafi. Beseni la plastiki lililosuguliwa kwa sabuni na dawa ya klorini baada ya kila mteja ni bora kuliko kiti kile.

Mkoa wa Kagera una sababu yake wenyewe ya kulisikiliza neno hili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walionekana katika mkoa huu, na miaka iliyofuata ilijaza makaburi na kuacha yatima. Katika msiba ule watu walifundishwa mambo mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba wembe haushirikiwi. Mtu alikwenda kunyolewa na wembe wake mfukoni. Mwaka 2023, maradhi ya Marburg yalipozuka katika wilaya ya Bukoba, mkoa ulikumbushwa tena kwamba majimaji ya mwili wa mtu si kitu cha kuchezewa. Elimu iliyonunuliwa kwa bei hiyo ingalipasa kukaa mpaka mwisho wa dunia. Mbona basi imebaki kichwani, kwenye kunyoa, isishuke mpaka mguuni?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Ukimwi huenezwa na kusafishwa miguu. Virusi vyake ni dhaifu nje ya mwili, na njia zake kuu ni nyingine. Mwenye kutisha watu kwa uongo huwafanya wasisadiki hata ukweli. Lakini virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na mkasi uliomtoa damu mtu wa Jumatatu huweza kumfikia mtu wa Ijumaa. Wala si damu tu. Ukucha wa mguu huota kwa kiasi cha milimita moja na nusu kwa mwezi, hata kufanyika upya wote huchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu. Aliyeambukizwa fangasi ya kucha kwa kazi ya saa moja huenda nayo zaidi ya mwaka. Rangi iliyompendeza ilikwisha kubanduka zamani.

Tena tunao mfano mkongwe zaidi. Funza si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1872 merikebu iitwayo Thomas Mitchell, iliyotoka Brazil, ilifika Ambriz katika pwani ya Angola, na katika mchanga wake alikuwamo mdudu huyo. Kwa kufuata njia za misafara, katika muda usiozidi miaka 30, alikwisha kulivuka bara lote mpaka Bahari ya Hindi. Tangu hapo pini ya kutolea funza imekuwa chombo cha nyumbani, na pini moja ikitumiwa na nyumba nzima, aliye na ugonjwa humgawia asiye nao. Mkasi wa saluni usiochemshwa ni pini ile ile iliyotiwa nakshi. Tofauti ni kwamba pini ilizunguka nyumba moja, na mkasi huzunguka mji.

Sasa tuje kwenye bei, kwa kuwa ndiyo kisingizio cha wote. Na tufanye hesabu ya kukisia, ambayo kila mtu aweza kubadili tarakimu zake apendavyo. Fundi mwenye seti moja ya vyombo, anayehudumia wateja 6 kwa siku, akitaka kuvichemsha kwa dakika 20 baada ya kila mteja atapoteza saa 2 nzima. Hilo hawezi, na anayemlaumu hajawahi kuishi kwa kibarua. Lakini mpe seti 3, moja iwe kazini, ya pili iwe ndani ya sufuria, ya tatu iwe inapoa. Hatapoteza hata dakika moja. Tuseme seti moja ni shilingi 15,000. Seti 2 za nyongeza ni shilingi 30,000. Kwa siku 25 za kazi ana wateja 150, na kila mmoja akiongeza shilingi 200, vyombo vimekwisha kulipwa katika mwezi wa kwanza. Tuongeze shilingi 300 za mkaa, sabuni na klorini. Jumla ni shilingi 500 kwa mteja. Hii ndiyo fedha tunayoipigania kwa kelele. Kwa ajili yake twauza ngozi yetu.

Yako na makosa ya wenye saluni, wala sitayafunika. Wengi wao hupandisha bei kwa kioo kikubwa, kwa kiti kipya na kwa muziki, na mfanyakazi wao bado ana mkasi mmoja. Mwenye saluni anayedai malipo makubwa bila sufuria ya kuchemshia anauza ukuta. Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Tanzania inayo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na wako maafisa afya. Inayo pia VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo yaweza kumfundisha kijana wa kikapu kama imfundishavyo seremala. Leseni iliyotundikwa ukutani huonyesha kwamba ada imelipwa. Haionyeshi kwamba maji yamechemka. Ukaguzi unaoishia kwenye karatasi haujaukagua mguu.

Lakini sheria hufika mahali kwa kuchelewa, na mteja yupo pale tangu asubuhi. Basi yeye ndiye mkaguzi wa kwanza. Tupa ya kucha na jiwe la kusugulia, ambavyo ni vigumu kutakasika, aende navyo kutoka nyumbani, kama watu walivyokwenda na wembe wao. Kabla ya kuketi na aulize: vyombo hivi vimechemshwa lini? Akijibiwa kwa cheko, aondoke. Akionyeshwa sufuria inayotokota, aketi, na bei atakayotajiwa ailipe bila kupatana. Fundi akiona kwamba sufuria humletea wateja kuliko kioo, atanunua sufuria. Biashara hufuata swali la mnunuzi, na mpaka leo mnunuzi ameuliza rangi gani ipo.

Wasomi wana deni kubwa zaidi katika jambo hili. Wao hukaa vitini wakibishana kama mguu uliopakwa rangi ni utu au ni upotevu wa utu, na ubishi huo waweza kungoja. Mwanamke wa Kashai aliyesimama sokoni tangu alfajiri hakungoji ubishi uishe. Jioni ataunyosha mguu wake mbele ya beseni, kwa fedha yake ya halali, akitaka upumzike na upendeze. Ana haki ya kuurudisha nyumbani ukiwa mzima kama alivyokwenda nao. Haki hiyo ina bei, na bei yenyewe ni ndogo. Tuilipe, tena tuidai.