Tupange Nyumba Nzima Kabla ya Kuchimba Msingi

Ndugu zangu wa Buhigwe, kiangazi ndicho msimu wetu wa kujenga. Mvua zikikatika, matanuri ya matofali huanza kufuka na mafundi hawashikiki. Nyumba ya tofali na bati ni jasho la miaka mingi ya kahawa, maharage na ndizi. Kwa heshima ya jasho hilo, naomba tuzungumze kabla jembe halijagusa ardhi.

Wengi wetu hujenga kwa awamu: vyumba viwili mwaka huu, vingine Mungu akijalia. Huo ni utaratibu mzuri. Hasara huanza tunapojenga awamu ya kwanza kana kwamba ya pili haitakuja. Watoto wanaongezeka, umeme unafika, mama mzazi anahamia kwetu akiwa hawezi tena kupanda ngazi, na kila jambo jipya linadai nyundo. Ukuta uliolipiwa kuinuliwa unalipiwa tena kubomolewa, kisha kujengwa upya. Na tofali jipya ni kuni nyingine kwenye tanuri, yaani mti mwingine kwenye vilima vyetu.

Tazama paa. La pande mbili hurefushwa kwa kuongeza kenchi na mabati pale mwisho, mradi fundi ameacha meno ya matofali ukutani na nafasi ipo kiwanjani. La pande nne hupendeza, lakini ukitaka kuongeza chumba ubavuni lazima ufumue upande mmoja wote. Vivyo hivyo nyaya za umeme: mabomba yake yakiwekwa kabla ya lipu, kazi ni ndogo, yakisubiri, ukuta unachimbuliwa na lipu inapigwa mara mbili. Mlango wa choo nao, upana wake unaamuliwa siku ya kujenga, hata kama kiti cha magurudumu kitahitajika baada ya miaka ishirini.

Kwenye miteremko yetu, maji ndiyo mkaguzi mkali kuliko wote. Msingi usioinuliwa vya kutosha na uwanja usio na mfereji upande wa juu huleta unyevu, na unyevu huo haukomeshwi kwa rangi. Lakini maji hayohayo ni neema. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linamwaga karibu lita 800. Panga mapema mahali pa tenki na mwelekeo wa mifereji ya bati.

Kuna jambo ambalo halifai kuahirishwa kabisa: lenta inayozunguka nyumba yote. Tunaishi kwenye ukanda wa Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitikisa eneo la Ziwa Tanganyika, na tarehe 10 Septemba 2016 lile la 5.9 liliangusha nyumba nyingi na kuua watu huko Kagera. Kuingiza mkanda wa zege na nondo kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa ni kazi ngumu na ya gharama. Kuuweka wakati kuta zinapanda ni kozi moja tu ya kazi.

Basi nawaomba. Wewe unayejenga, kaa na mwenzio, wazee na vijana wa nyumbani, mchore nyumba mnayotarajia miaka kumi na mitano ijayo, kisha mjenge kipande mnachokimudu. Mafundi wetu, msingojee kuulizwa. Mwambieni mteja ukweli kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji. Viongozi wa vijiji, ipeni mada hii nafasi kwenye mkutano mmoja kabla ya msimu, na mwalikeni mhandisi wa halmashauri azungumze na watu. Ushauri wa asubuhi moja unaweza kuokoa mavuno ya misimu kadhaa, na fedha hiyo ina kazi bora ya kufanya: ada, matibabu, na chumba kile cha tatu.